Matawi Matatu, Bango Moja: Kwa Nini Maegesho Yako Yanafaa Kufanana

Kwa siku 11 mwaka jana, pesa za maegesho ya tawi la shangazi yangu la Ruiru zilikuwa zinaingia kwa simu ya mtu tusiyemjua mpaka leo. Hakuna kufuli lililovunjwa. Hakuna PIN iliyoibwa. Mtu alikuja tu na stika yenye nambari yake ya Till, akaibandika juu ya yetu, akaenda zake.

Shangazi ana supamaketi tatu ndogo kando ya barabara ya Thika: moja Ruiru, moja Juja, moja Thika mjini. Kama unaijua njia hiyo, shida yake unaijua pia. Mtu anatoka na gari nyumbani asubuhi, hataki foleni ya kuingia Nairobi wala kuzunguka mjini akitafuta pa kupaki, basi analiacha kwa supamaketi iliyo karibu na steji, anapanda matatu, anarudi saa moja jioni. Anayekuja kununua unga saa nne anakuta uwanja umejaa magari ya watu walioko Nairobi. Ndiyo maana shangazi alianza kutoza: saa ya kwanza bure, baada ya hapo Sh50, na kutwa nzima Sh200.

Stika ile tuliigundua kwa bahati. Jumamosi moja nilienda Ruiru na gari la rafiki yangu, nikakaa zaidi ya saa moja, nikaamua kulipa kama mteja mwingine yeyote (kusema ukweli nilitaka tu kuonekana mtu mzuri mbele ya shangazi). Nikaweka nambari, nikaweka Sh50, na kabla ya kuweka PIN simu ikaniletea jina la mwanamume asiye wa ukoo wetu. Nikasoma tena. Nikamwita soja. Tukakwangua ukingo wa stika kwa ufunguo, na chini yake ikatokea nambari yetu.

Sasa jambo linaloniuma. Siku chache kabla ya hapo shangazi alikuwa ameshaona mapato ya Ruiru yameshuka, na wa kwanza kushukiwa alikuwa huyo huyo soja. Alirudishwa nyumbani siku mbili bila malipo, ati akafikirie. Mtu wa watu alikuwa anasimama juani kutwa akikagua jumbe za malipo kwa simu za madereva, na kila ujumbe aliouona ulikuwa wa kweli. Pesa zilikuwa zimelipwa. Ila hazikulipwa kwetu.

Mbona hakuna aliyeshtuka?

Swali hilo lilinisumbua. Magari ya kutwa pale ni ya watu wale wale kila siku. Watu walimlipa mgeni kwa siku 11 na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Jibu tulilipata tulipoyazunguka matawi yote matatu kwa siku moja.

Ruiru, bango lilikuwa karatasi ya manjano yenye stika ya nambari katikati. Juja lilikuwa karatasi ya kawaida iliyochapishwa cyber na kufunikwa plastiki. Thika, nambari ilipakwa rangi moja kwa moja kwenye ukuta wa geti, na ilikuwa imeanza kubanduka hadi huwezi kujua kama ya mwisho ni 3 au 8. Lakini majina ndiyo yaliyoniacha mdomo wazi. Till ya Ruiru ilisajiliwa kwa jina la shangazi mwenyewe. Ya Juja, kwa jina la biashara. Ya Thika, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kwa sababu siku ile ya kusajili ndiye aliyekuwa na kitambulisho mfukoni.

Fikiria wewe ndiwe mteja. Leo unapaki Juja, simu inakuonyesha jina la duka. Kesho uko Thika, inakuonyesha jina la kijana fulani. Keshokutwa Ruiru, jina la mama fulani. Ukiletewa jina la nne, utashtukia nini? Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha wateja kwamba jina lolote ni sawa.

Watu wakisikia "maegesho yafanane katika matawi yote" wanadhani ni mambo ya urembo, ya kampuni kubwa zenye pesa za kuchezea. Mimi pia ndivyo nilivyofundishwa nikisomea masoko: rangi ile ile, nembo ile ile, mteja akukumbuke. Si uongo. Lakini kwa mwenye matawi mawili au matatu kuna faida kubwa kuliko hiyo. Vitu vikifanana kila mahali, cha bandia kinajitokeza chenyewe.

Jina kwanza, rangi baadaye

Kabla ya kununua hata mkebe mmoja wa rangi, tulinyoosha Till. Kila tawi lilipata Till ya maegesho peke yake, na zote tatu zikasajiliwa kwa jina moja la biashara likifuatwa na jina la mji. Anayelipa Ruiru anaona jina la duka, kisha neno Ruiru. Juja vivyo hivyo, Thika vivyo hivyo.

Shangazi aliuliza kwa nini zisiunganishwe ziwe moja. Moja ingekuwa rahisi kuandika kwenye mabango, ndiyo, lakini jioni ungebaki ukijiuliza hizi Sh50 zote zimetoka tawi gani. Na kwa nini isitumike Till ya kaunta ya duka? Kwa sababu pesa ya maegesho ikishachanganyika na ya unga na sabuni, tawi likianza kuvuja hutajua. Ruiru tuliona mapato yameshuka kwa vile tu Till ya pale ilikuwa ya maegesho pekee. Juja, ambako ilikuwa moja na ya kaunta, tungemaliza mwaka mzima tukiibiwa huku tukisema biashara ni mbaya.

Wanaolipa kwa mwezi tuliwapeleka kwa Paybill, maana Paybill humwuliza mlipaji nambari ya akaunti na Till haiulizi. Akaunti ni nambari ya usajili ya gari, herufi na tarakimu zote zikishikana bila nafasi. Inaonekana kitu kidogo, lakini mwezi wa kwanza hatukuwa tumesema hivyo, na gari moja likatokea kwenye ripoti kama magari matatu, kulingana na jinsi mwenyewe alivyoamka siku hiyo. Kwa geti, ambako kuna foleni na watu wana haraka, Till inatosha. Kuna hatua moja pungufu.

Usisahau pia kwamba pesa ya maegesho ni mapato ya biashara kama mengine. Mteja wa kampuni akiomba risiti ya eTIMS, mpe. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya aina hiyo inamletea shida mwenzako anapofanya hesabu za ushuru, na atakachofanya ni kupaki kwa jirani.

Bango ambalo haliwezi kubandikwa

Bango jipya ni bati lililopakwa rangi nyeupe, lenye mstari wa kijani kuzunguka ukingo. Limeandikwa vitu kwa mpangilio usiobadilika: jina la duka na tawi, bei, nambari ya Till, na chini kabisa, "Jina utakaloona kwenye simu ni hili," kisha jina lenyewe. Mstari huo wa mwisho tuliugombania. Shangazi aliona unajaza bango bure. Mimi niliona ukitolewa huo, bora turudi kwa karatasi ya manjano.

Nambari haikuchapishwa kwenye stika. Tulimpa fundi ubao mwembamba akakata kiolezo cha tarakimu kutoka 0 hadi 9, na nambari zote tatu zikapakwa kwa kiolezo hicho kimoja. Kisha tukaweka sheria ambayo soja yeyote anaweza kuishika: hatuna stika hata moja katika maegesho yetu. Chochote kilichobandikwa ni cha uongo, king'oe kwanza halafu ndiyo upige simu. Hakuna haja ya kukariri nambari, hakuna haja ya kulinganisha. Kidole kikipita juu ya bango na kukuta ukingo, kuna kasoro.

Dereva wetu hukaa upande wa kulia wa gari, kwa hivyo bango liko kulia kwa anayetoka, katika kimo cha macho ya mtu aliyeketi. Unaweza kucheka, lakini la Juja lilikuwa kushoto na juu sana, na ndiyo maana madereva walizoea kumwuliza soja awasomee nambari. Ukimzoesha mteja kusomewa nambari, siku atakaposomewa na mtu mwingine atalipa tu. Na kabla hujaweka bango kubwa lenye nembo linalotazama barabarani, ulizia ofisi ya kaunti. Kaunti hutoza mabango ya matangazo, na hutaki kulitengeneza leo ling'olewe kesho.

Mistari na kiwanja

Hapa ndipo pesa nyingi huenda, na ndipo watu hukata tamaa wakidhani matawi yote lazima yawe na kabro. Si lazima. Ruiru kuna kabro, Juja kuna lami, Thika kuna changarawe kwa sababu mwenye jengo amekataa kugharimia kitu kingine, na mkataba wetu ni wa miaka michache tu. Ukweli ni kwamba ukipangisha, uwanja si wako. Soma mkataba uone nani anarekebisha nini, na kama tayari unalipia huduma za jengo kila mwezi, uliza sehemu ya maegesho imo humo.

Kinachofanana kwetu ni vipimo. Nafasi moja ni mita 2.5 kwa mita 5, na njia ya magari kati ya safu mbili zinazotazamana ni mita 6, ili pikapu itoke bila kugusa ya nyuma. Mstari una upana wa sentimita 10. Kamba moja iliyofungwa mafundo kwa vipimo hivyo husafiri na kiolezo kutoka tawi hadi tawi. Kwa lami, rangi ni ile ya kuchorea barabara. Ya ukutani hubanduka baada ya magari machache, tulijaribu. Kwa kabro, kama bado hujajenga, panga mistari kwa vipande vya rangi nyingine na hutapaka tena maisha yako. Kwa changarawe tulitumia mawe yaliyopakwa chokaa, na hayo huhamahama, kwa hivyo Thika kamba ile hufanya kazi kila mwezi.

Wakati pia ni muhimu. Mvua ndefu huja Machi hadi Mei na fupi Oktoba hadi Desemba, na rangi haishiki sakafu yenye unyevu. Sisi hupaka Februari na Septemba, matawi yote katika wiki moja, kwa rangi iliyonunuliwa mara moja. Ukinunua mikebe kwa nyakati tofauti utapata manjano tatu. Nyufa za lami huzibwa wakati huo huo, kabla maji hayajaingia chini yake, kwa sababu yakishaingia magurudumu humalizia kazi. Kabro iliyozama ni rahisi zaidi: fundi huinua vipande, husawazisha mchanga, huvirudisha, na saa sita mchana gari limepaki hapo.

Katika kila tawi nafasi moja iliyo karibu na mlango ina upana wa mita 3.6, ili mwenye kiti cha magurudumu aweze kufungua mlango na kushuka. Katiba, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Juja nafasi hiyo ilikuwepo tangu zamani, ila kreti za soda zilikuwa zimepangwa juu yake.

Kisha kuna ule mwandiko tunaoupenda sote, kwamba gari limeegeshwa kwa hatari ya mwenyewe. Wengi hudhani ukishauandika umemaliza. Sheria ya Kenya, Sura ya 34, inamtaka anayeshikilia jengo au kiwanja achukue hadhari ifaayo ili mgeni wake awe salama, na onyo peke yake halimwondolei lawama ikiwa halikutosha kumfanya mgeni awe salama. Mfuniko wa mtaro uliovunjika ni mfuniko uliovunjika hata ukiwa chini ya bango zuri.

Jambo lingine, usitoze mahali pasipo pako. Ule ukanda wa mbele ya geti, kati ya ukuta na lami, mara nyingi ni hifadhi ya barabara. Soja wa Thika alikuwa anatoza boda na pikapu zilizosimama pale, akidhani anamsaidia shangazi.

Simu ya soja

Soja hawi tena mkaguzi wa simu za watu. Ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja unaweza kuwa wa jana, unaweza kuwa wa Till nyingine, unaweza kuwa umeandikwa na mtu mwenyewe akiwa kwa gari. Kila geti lina simu ya kazi iliyounganishwa na Till ya tawi hilo kama simu ya msaidizi: inaona malipo yakiingia, haiwezi kutoa hata shilingi. Simu ikilia, kizuizi kinafunguliwa. Isipolia, dereva anaombwa aangalie alilipa wapi. Na ni marufuku soja kutoa nambari yake mwenyewe, hata mtandao ukisumbua. Siku mtandao ukisumbua, magari hutoka bure. Shangazi alikunja uso, lakini alikubali kwamba hiyo ni rahisi kuliko kuanza tena kumshuku mtu asiye na hatia. Yule wa Ruiru alilipwa siku zake mbili na kuombwa msamaha mbele ya wenzake, na ni yeye tuliyempa kiolezo akitunze.

Kuna daftari la geti pia, lenye nambari za magari na za simu. Nakiri kwamba mimi, kijana wa masoko, niliangalia daftari lile nikaona orodha tamu ya kutumia jumbe za ofa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu hivyo bila mwenyewe kukubali. Nambari za simu tuliacha kuandika kabisa. Hatukuwa tunazihitaji.

Na kama wewe ndiwe unayelipa

Mambo haya yote hayafai kitu kama mlipaji hasomi jina. Ukishaweka nambari na kiasi, simu hukupa jina kabla malipo hayajakamilika. Simama hapo hata kama gari la nyuma linapiga honi. Likiwa jina la mtu na uko kwa biashara iliyozoea kukuonyesha jina lake, ghairi, umwite mhudumu. Ukishatuma, piga simu huduma kwa wateja mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa upande ule huwa vigumu kuirudisha. PIN yako haihitajiki na soja, wala na meneja, wala na anayedai ametoka kwetu.

Bei ndiyo hatujakubaliana mpaka sasa. Mimi nasema Ruiru, ambako steji iko mlangoni, kutwa iwe ghali kuliko Thika, na bango lionyeshe hivyo mahali pale pale. Shangazi anasema mteja akilipa Sh200 huku na Sh300 kule atadhani ameibiwa na soja, na soja ndiye atakayetukanwa. Kwa sasa ni Sh200 kote, na Ruiru bado hujaa saa mbili asubuhi.

Kila Jumatatu kila soja hutuma picha mbili kwa kikundi cha WhatsApp, moja ya bango na moja ya uwanja, akiwa amesimama juu ya alama ile ile tuliyoichora sakafuni. Ukizitazama zikiwa zimefuatana unaona mara moja kilichosogea. Lakini stika ya pili haikuonekana kwa picha. Iliwekwa Thika Jumatano, kati ya picha mbili, na aliyeiona ni mteja wa Juja aliyekuwa amepita kununua mkate. Alimpigia simu shangazi kutoka kwa gari. "Mama, hapa kwenu Thika simu inanipa jina lisilo la duka, na hii nambari imebandikwa. Nilipe ama niache?"

Soja aliing'oa kabla simu haijakatwa. Tulipoangalia hesabu, malipo yaliyokuwa yamepotea yalikuwa mawili tu, jumla Sh100.